Kwa nini kinamasi cha Biebrza kinafyekwa, ilhali kule Białowieża hata mti uliooza hauondolewi?

Mkalimani wa Białystok

Habari zenu, wanajukwaa. Ninaishi mkoa wa Podlaskie, kaskazini-mashariki mwa Polandi, na mwishoni mwa Agosti nilitembelea hifadhi mbili za taifa zilizo karibu nasi. Katika eneo la ulinzi mkali la msitu wa Białowieża mwongozaji alituonyesha misprusi mikubwa (miti ya jamii ya misonobari) iliyoanguka na kuota kuvu, akasisitiza kwamba hakuna anayeruhusiwa kuiondoa. Wiki iliyofuata, kwenye vinamasi vya Biebrza, nilikuta mtambo unaotembea kwa minyororo mipana badala ya magurudumu ukifyeka majani hekta baada ya hekta, nikaelezwa kwamba kazi ile inafanywa ili kumwokoa ndege aliye hatarini kutoweka. Mimi nimekulia bonde la Kilombero, ambako tangu utotoni tumeonywa kwamba mkono wa mtu ndio unaoua ardhi oevu, kwa hiyo maelezo yale yalinitatiza sana. Je, ufyekaji huo unamsaidia ndege kweli, au ni biashara ya nyasi iliyopewa jina zuri?

Mtafiti wa Ardhi Oevu

Ndugu Mkalimani, unamsaidia kweli, na sababu yake imo katika historia ya mahali penyewe.

Ndege uliyeelezwa habari zake bila shaka ni yule ambaye Wapolandi humwita *wodniczka*, yaani *Acrocephalus paludicola*, ndege mdogo wa rangi ya mchanga mwenye michirizi myeusi mgongoni. Takriban robo ya ndege wote wa aina hii waliobaki duniani huzaliana Polandi, na wengi wao wako Biebrza. Hutaga karibu kabisa na ardhi, katikati ya mashina ya majani ya jamii ya ndago, mahali penye maji ya kina kifupi sana na uwazi mpana usio na miti. Jike hulea makinda peke yake bila msaada wa dume, kwa hiyo anahitaji wadudu wengi hapo hapo jirani na kiota. Mahali pakiota matete marefu au vichaka vya mierebi, hatagi tena.

Kwa vizazi vingi uwazi huo ulilindwa na wakulima wa vijiji vya kando ya mto, ambao waliingia kinamasini na miundu ya mipini mirefu, wakakata majani kwa ajili ya ng'ombe, wakayarundika, kisha wakayasomba wakati wa baridi kali kwa vyombo vya kuteleza juu ya theluji vilivyovutwa na farasi, maji yakiwa yameganda. Ilikuwa kazi ngumu mno, na katika nusu ya pili ya karne ya 20 ilikoma karibu kila mahali. Aidha, mifereji iliyochimbwa katika karne ya 19, kama ule wa Rudzki, ilikuwa imekwisha kushusha maji katika sehemu za bonde, na ardhi ya mboji (tabaka la mabaki ya mimea yaliyorundikana majini) ikikauka, vichaka huivamia upesi. Ndiyo maana kati ya mwaka 2005 na 2011 shirika la kulinda ndege la Polandi, OTOP, liliendesha mradi kwa fedha za Umoja wa Ulaya, na humo ndimo ilimoanza kutumika mitambo ya kusawazishia theluji iliyogeuzwa kuwa ya kufyekea.

Kuhusu biashara, ni kweli kwamba wakulima hulipwa ruzuku kwa kazi hiyo, nami sioni aibu yoyote hapo, kwa kuwa hakuna atakayeingia matopeni bure kila mwaka. La muhimu ni masharti: ufyekaji usubiri makinda yaruke, ndiyo sababu uliukuta Agosti, sehemu fulani iachwe kila mwaka, na majani yaliyokatwa yaondolewe, la sivyo yataoza pale pale na kuzisonga ndago.

Msafiri wa Kaskazini

Naomba kuongeza habari za maji, kwa sababu kufyeka bila maji hakutoshi. Mnamo Aprili 2020, baada ya majira ya baridi yaliyokosa theluji ya kutosha, moto uliteketeza kiasi cha hekta 5,500 za hifadhi ya Biebrza, yaani karibu sehemu ya kumi ya eneo lake lote. Aprili 2025 moto ulirudi, ingawa safari hii eneo lililoungua lilikuwa dogo zaidi.

Ukipata nafasi, nenda pia bonde la Rospuda karibu na Augustów, ambako maji ya ardhini bado hupanda na kuilowanisha mboji kama ilivyokuwa zamani. Huko ndiko kuliko na makao pekee yanayojulikana nchini Polandi ya okidi ndogo ya kijani iitwayo *Herminium monorchis*. Mwaka 2007 barabara kuu ilikaribia kupitishwa juu ya bonde hilo. Wananchi walipiga kambi kuipinga, Tume ya Ulaya ikapeleka shauri mahakamani, na mwaka 2009 serikali ikachagua njia nyingine kupitia Raczki, ambayo ilifunguliwa mwaka 2014. Wakazi wa Augustów walikuwa na haki ya kudai malori yatoke katikati ya mji wao, na ninafurahi kwamba waliipata bila bonde kupotea.

Mpenda Misitu

Kwa upande wa Białowieża, jibu linatokana na mti wenyewe. Mbawakawa adimu kama *Boros schneideri* huishi chini ya magome ya miti iliyokufa, na kigong'ota wa vidole vitatu hula mabuu yaliyomo katika misprusi inayokauka. Anayeondoa mti huo ameondoa nyumba na chakula kwa pamoja. Serikali ilipoongeza ukataji mwaka 2016 kwa hoja ya kupambana na mbawakawa wa magome, wanaoua misprusi, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mnamo Aprili 2018 kwamba Polandi ilikiuka sheria.

Hata hivyo, usidhani kwamba huko mkono wa mtu haukuhitajika. Baisani (ng'ombe-mwitu mkubwa wa Ulaya) wa mwisho wa porini katika msitu huo aliuawa mwaka 1919. Wazao wa wale waliosalia katika bustani za wanyama walirudishwa mwaka 1929, wakazalishwa ndani ya ua, na wa kwanza kufunguliwa waliingia msituni mwaka 1952.

Mkalimani wa Białystok

Nawashukuru sana. Limebaki swali moja: je, mtambo ule mzito hauiharibu mboji?

Mtafiti wa Ardhi Oevu

Unaweza kuiharibu, hasa unapopita njia ile ile mara kwa mara au kugeuka ghafla mahali palipolowa. Minyororo yake ni mipana ili uzito utawanyike, lakini dereva asiyejali huacha makovu yanayodumu kwa miaka. Ukirudi Biebrza, tazama pale mitambo inapogeukia na pale majani yanapopakiwa, kwa kuwa hapo ndipo utakapojua kama kazi imefanywa kwa uangalifu.