Kumkumbuka rubani wa ndege ya mabomu: tuwaambie nini wanafunzi?

Mwalimu wa Nyamagana:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha historia hapa Mwanza, na klabu yetu imeazimia kumkumbuka Guy Gibson, rubani wa Uingereza aliyeuawa vitani usiku wa 19 Septemba 1944 akiwa na umri wa miaka 26, ndege yake ya Mosquito ilipoanguka Steenbergen, Uholanzi, akirejea kutoka kuongoza shambulio dhidi ya Rheydt na Mönchengladbach. Wanafunzi wanamfahamu zaidi kwa kuongoza ndege zilizovunja mabwawa ya Ujerumani Mei 1943. Juzi mmoja aliniuliza iwapo waliokuwa chini ya mabomu nao watatajwa, nikakosa jibu. Je, hotuba ya namna hii huandaliwaje bila kumvunjia marehemu heshima na bila kuficha kazi aliyoifanya?

Mzee wa Kirumba:
Mwalimu, mwanafunzi huyo ameuliza swali la mtu wa Mwanza. Machi 1979, wakati wa Vita vya Kagera, ndege ya Tu-22 ya Libya, iliyokuja kumsaidia Idi Amin, iliulenga mji huu, ikakosa shabaha, na mabomu yakaangukia Kisiwa cha Saanane yakaua swala. Nilikuwa kijana wa kubeba mizigo bandarini. Kwa siku nyingi baadaye, kila palipovuma ndege tuliacha magunia tukatazama juu. Sijawahi kujiuliza rubani yule alikuwa nani, wala kama mama yake alimsubiri. Labda ningepaswa. Mtajeni Gibson, lakini msiwasahau waliotazama juu.

Msomaji wa Igoma:
Kwa nini Mwingereza, ilhali mashujaa wetu wa Vita vya Kagera wamelala Kaboya?

Binti Ukerewe:
Shikamoo, mzee wangu. Ndugu wa Igoma, wa Kaboya tunawakumbuka kila 25 Julai, na kumtaja mwingine hakuwapunguzii kitu.

Mwalimu, ningeanza na hesabu ya usiku ule wa mabwawa, kwa sababu ndiyo inayojibu swali la mwanafunzi wako. Ziliondoka ndege 19 za Lancaster zikiwa na watu 133; ndege 8 hazikurudi na watu 53 wakafa. Huko chini, maji ya bwawa la Möhne yalizamisha watu zaidi ya elfu moja, na wengi wao hawakuwa Wajerumani hata kidogo, bali wafanyakazi waliochukuliwa kwa nguvu kutoka Umoja wa Kisovieti, wakiwemo wanawake. Mwanafunzi akizisikia hesabu hizo mbili kwa pamoja, hahitaji kuambiwa aone nini.

Jambo la pili: Gibson hakufa peke yake. Mwongozanjia wake, James Warwick, alikufa naye, na wote wawili wamezikwa katika makaburi ya Wakatoliki ya Steenbergen, mji uliokuwa bado mikononi mwa Wajerumani walipozikwa. Nishani kubwa ya ushujaa ni ya mmoja, Gibson; Warwick husahaulika hata katika vitabu vizuri.

Mwalimu wa Nyamagana:
Nawashukuru sana, mzee na dada yangu. Tutakusanyika Capri Point, Saanane ikiwa mbele yetu, na yule mwanafunzi aliyeuliza ndiye atakayesoma majina: la Warwick kwanza, kisha la Gibson. Mzee, ukiwa na nafasi siku hiyo, tutakutengea kiti.

Mzee wa Kirumba:
Nitakuja.