Tulipu, dafodili au krokasi: nipande nini safari hii?

MamaNuru (Columbus, Ohio), 3 Mei
Hamjambo wapenda maua. Oktoba iliyopita nilipanda vitunguu 40 vya tulipu (vile vya kuzikwa vichipue maua, si vya kupikia) kwenye tuta la mbele ya nyumba, urefu mita tatu, upana mita moja, jua la asubuhi linalipata vizuri. Nikalala nimejipongeza. Keshokutwa yake natoka kwenda kazini, nakuta mashimo kila mahali, maganda ya kahawia yametapakaa, na kindi kakaa juu ya uzio anatafuna kama yuko kwenye karamu ya kwao. Leo nimehesabu maua: sita. Mazuri, mekundu yenye kiini cheusi, siyalaumu. Lakini sita!

Nataka kujipanga mapema. Nirudie tulipu, niende kwenye dafodili, nijaribu krokasi, au niachane na vitunguu kabisa nisubiri Aprili ninunue pansi zilizokwishachanua? Bajeti yangu dola 60.

Bi Koleo (Leicester)
Pole mwanangu. Weka dafodili ulale usingizi. Zina sumu, likorini, kwa hiyo kindi hazili, kulungu hazili, panya hazili. Zangu nilizipanda 2011 na hadi leo sijanunua nyingine. Zinazaana zenyewe chini kwa chini. Fungu likibanana maua yanapungua, basi nafukua majani yakishanyauka, nagawa kwa majirani. Tulipu ni kama mgeni wa heshima: mwaka wa kwanza nyumba nzima inapambwa, mwaka wa pili unapata majani mawili na hakuna ua.

Ila nikuonye kitu. Sisi tunaviita vitunguu, na hapo ndipo penye balaa. Mama yangu alipokuja kunitembelea kutoka Tanga alikuta mfuko jikoni karibu na viazi, akakaa na kisu chake. Alikuwa keshamenya kimoja, anashangaa mbona hakimtoi machozi. Nilipiga ukelele mpaka akaangusha sufuria. Wala si sisi tu: 2015 mamlaka ya afya ya hapa Uingereza iliyaandikia maduka makubwa yasiweke dafodili karibu na mboga. Vyako viweke stoo, uandike SUMU kwa herufi kubwa.

FundiBustani (Rotterdam)
Shikamoo Bi Koleo, lakini tulipu umezionea. Zimetoka milima ya Asia ya Kati, kwenye baridi kali na kiangazi kikavu. Watu wanazimwagilia Julai pamoja na maua mengine, zinaoza, halafu wanasema hazirudi. Dada, tafuta aina za Darwin Hybrid, hizo hurudi miaka kadhaa, au zile ndogo za porini kama Tulipa tarda. Zipande kina cha sentimita 20 badala ya 15.

Kuhusu kindi: tandaza waya wa banda la kuku juu ya tuta ukishapanda, fukia kwa udongo kidogo. Machipukizi yanapita kwenye matundu, kindi hapiti. Na yale maganda makavu usiyaache hata moja, harufu yake ndiyo inayomwita.

Hapa kwetu kuna bustani ya Keukenhof, Lisse, wanapanda vitunguu kama milioni 7 kila mwaka. Njoo uone Aprili, halafu uniambie habari za dafodili.

Bi Koleo (Leicester)
Marahaba. Sasa hao wa Keukenhof si wanapanda upya kila mwaka? Basi umenijibia mwenyewe.

FundiBustani (Rotterdam)
😂 Hapo umenishika.

Kasuku_Mweupe (Montreal)
Mmeisahau krokasi. Huku kwetu theluji bado imelala uani nayo inatoboa, zambarau na njano, na hapo umekaa miezi mitano unaangalia kijivu tupu. Mimi mwaka wangu wa kwanza hapa nilisimama dirishani nikalia, sisemi uongo. Kitunguu chake ni kidogo, bei ndogo, unakichomeka hata katikati ya nyasi. Ubaya wake: siku ya mawingu halifunguki, na kindi anaipenda pia. Aina ya tommasinianus ndiyo haisumbuliwi sana.

Pansi zipo tu, zitakupa rangi, joto la Juni likija zinachoka. Fedha ya kila mwaka hiyo.

MtotoWaUsambara (Lushoto)
Samahani naingilia. Huku baridi ipo, hasa Julai. Tulipu zinaweza kuota?

FundiBustani (Rotterdam)
Baridi ya Lushoto haitoshi, ndugu. Tulipu inataka wiki 12 hadi 16 za baridi ya friji, ndipo ua lililomo ndani likubali kurefuka. Unaweza kuweka kitunguu ndani ya friji lenyewe, lakini kusiwe na matunda humo. Ndizi na tufaha hutoa gesi ya ethilini, inaua ua likiwa bado tumboni. Na litachanua mara moja tu.

MtotoWaUsambara (Lushoto)
Basi friji libaki na maziwa. Nyuma ya nyumba nina lile ua jekundu la duara kama mpira wa nyuzinyuzi, linatoka ardhini lenyewe mvua zikianza. Halijanidai kitu.

Bi Koleo (Leicester)
Hilo hapa linauzwa ghali, tena kwenye chungu, tena ndani ya nyumba. Tunza ulichonacho.

MamaNuru (Columbus, Ohio)
Nawashukuru. Na majani ya hizi sita, nikate? Yamelala chini, jirani kaniuliza kama tumehama.

Bi Koleo (Leicester)
Thubutu! Kata kichwa cha ua lililokauka tu, lisizae mbegu. Majani yaache mpaka yawe manjano, wiki sita hivi. Ndiyo yanayopika chakula cha mwakani. Jirani mpe dafodili.

MamaNuru (Columbus, Ohio), 17 Aprili
Narudi na ripoti. Niliweka dafodili 35 kwenye tuta na tulipu 12 kwenye ndoo kubwa yenye waya juu, ikakaa gereji isiyo na hita mpaka Machi. Krokasi 20 nilichomeka kwenye nyasi kwa ajili ya Kasuku. Zimetoka kumi na moja, sijui nani kala nyingine ila namshuku mtu.

Dafodili zimetoka 34 tarehe za mwanzo wa mwezi, nusu ya mtaa wamesimama kupiga picha. Tulipu zote 12. Nilikata chache niziweke jagi moja na dafodili, asubuhi tulipu zimeinama shingo. Kumbe maji ya shina la dafodili yanaziumiza, inabidi ulaze dafodili usiku kucha kwenye maji yake peke yake kwanza. Hamkuniambia!

Ile ya 35: Oktoba kindi alikichimbua kitunguu kimoja, akakinusa, akakibwaga njiani. Nilikirudisha shimoni. Kimechanua jana, cha mwisho kabisa, na yeye alikuwa juu ya uzio anaangalia.