Tupeane uzoefu: Ndugu aliyebadilika tabia ghafla, kumbe mwili ndio ulikuwa unaumwa

Mwana wa Makambako

Habari zenu wakuu, na shikamooni mliotutangulia.

Naomba uzi huu tukusanye visa vya kweli vya majumbani kwetu. Mtu anabadilika tabia, ukoo mzima unamtafuta mchawi au unamwita mkorofi, halafu siku akipimwa inakutwa ni tezi, sukari, malaria au mambo ya uzazi. Naanza na mama yangu mdogo.

Anauza viazi sokoni Makambako, na pale sokoni hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Mwaka ule akaanza kugombana na wateja kwa tofauti ya shilingi mia. Nyumbani akawa hatulii: usiku wa manane anafagia uwanja, anapanga na kupangua vyombo, analia, mara anacheka. Anamaliza sahani mbili za ugali na bado nguo zinampwaya. Aliyewahi kulala Makambako mwezi wa 6 anaijua baridi ya kule. Yeye alilala bila blanketi, dirisha wazi, anasema anaungua. Ukoo ukagawanyika. Wengine walisema katupiwa kitu na muuza viazi mwenzake, wengine wakasema ni kiburi cha mtu aliyeshika hela. Ugonjwa haukutajwa kabisa kwa sababu hakuwa na homa wala hakulala kitandani kwa kuumwa.

Aliyeutambua ni tabibu wa kituo cha afya, siku mama mdogo alipompeleka mjukuu mwenye kikohozi. Yule tabibu alimtibu mtoto, kisha akamgeukia bibi yake: macho yametoka kidogo, vidole vinatetemeka akivinyoosha, moyo unakimbia hali amekaa. Akamshika shingo, akamwandikia rufaa apimwe homoni za tezi ya shingo. Zilikutwa juu sana. Akaanzishiwa kabimazoli, pamoja na propranololo ya kuutuliza moyo. Baada ya wiki kadhaa akaanza kulala usiku, na wateja wakarudi mezani kwake.

Daktari alitueleza kwamba homoni za tezi hiyo ndizo zinazopanga mwendo wa mwili mzima, ubongo ukiwemo. Zikizidi, mtu anakuwa na hasira za karibu, wasiwasi na mawazo yanayokimbia. Zikipungua inakuwa kinyume: anazubaa, anasahau, anasikia baridi, choo kinakuwa kigumu, analala mchana, na watu wanamwita mvivu.

Karibuni, na tusitaje majina ya watu.

Nesi wa Zamu

Asante kwa kufungua mada hii, tunakutana nayo wodini kila siku. Nyongeza moja kwa wanaotumia kabimazoli: mkipata homa na koo kuuma ghafla, msinunue dawa dukani. Nendeni hospitali siku hiyohiyo mpimwe chembe nyeupe za damu. Dawa hiyo, kwa watu wachache, huzishusha kupita kiasi.

Baba Wawili

Mimi ni mke wangu, baada ya mtoto wa kwanza. Nitaeleza kirefu kidogo kwa sababu natamani ningekuwa nimesikia kisa kama hiki kabla.

Alijifungua salama, tukarudi nyumbani. Siku za mwanzo alilialia, na mama mkwe akasema ni kawaida. Ni kweli ni kawaida: homoni za ujauzito hushuka kwa kasi sana kondo likishatoka, na wanawake wengi huwa na machozi ya karibu ambayo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Lakini huyu wangu akaacha kulala kabisa. Wala hakuonekana kuchoka, alikuwa na nguvu za ajabu. Akaanza kuniambia mtoto amebadilishwa hospitalini, huyu si wetu. Halafu akasema redio ya jirani inamtaja. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza habari za sokoni, na hilo ndilo lililonitisha.

Shangazi walitaka apelekwe kwa mtaalamu wao Bagamoyo. Mama mkwe, Mungu ambariki, alisema mwanangu anaanza hospitali, mengine baadaye. Walimpima malaria, presha, maambukizi ya kizazi na wingi wa damu, kisha wakamwita daktari wa magonjwa ya akili. Akatuambia ugonjwa huu humpata mwanamke mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaojifungua, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo, na ni dharura sawa na kutokwa damu, kwa sababu mama anaweza kujidhuru au kumdhuru mtoto akiamini anamwokoa. Alilazwa, akapewa dawa, mama mkwe akakaa na mtoto.

Alipona. Leo anafanya kazi, na huyo mtoto anasoma. Daktari alituambia wazi kwamba hatari ya kurudia uzazi unaofuata ni kubwa. Kwa hiyo mimba ya pili tuliwaambia kliniki tangu mwanzo, na baada ya kujifungua tulipanga zamu za kumlea mtoto usiku ili mama alale.

Kinachonisumbua hadi leo ni majirani. Kuna ambao bado wanamwita "yule aliyerukwa na akili". Angekuwa amepata kifafa cha mimba wangemletea uji.

Mama Kitenge

Baba Wawili, nimelia. Mpe mkeo salamu zangu.

Changu ni msongo tu, lakini nao unaumiza. Nilichukua mkopo wa kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, kuongeza mtaji wa vitenge, mzigo ukachelewa bandarini, nikachukua wa pili kulipa wa kwanza. Kila simu ikiita moyo unaruka. Nikawa naamka saa tisa za usiku, macho makavu, nahesabu madeni hadi adhana. Kichwa kikawa hakishiki kitu: nampa mteja chenji mara mbili, naingia jikoni sijui nimefuata nini. Watoto wakimwaga maji tu napiga kelele mpaka najishangaa. Siku zangu zikakata, nikajua ni mimba, nikapima, hamna.

Daktari aliyenihudumia, dada mmoja mtulivu sana, alinieleza nikamwelewa. Juu ya figo kuna tezi ndogo zinazotoa kotisoli. Homoni hiyo ni nzuri ukikimbizwa na ng'ombe: inapandisha sukari kwenye damu, inakuandaa kupambana au kukimbia, hatari ikipita inashuka. Deni halipiti. Kotisoli inabaki juu wiki hadi wiki, usingizi unaharibika, ile sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu inafanya kazi vibaya, na ile ya mbele ya kichwa inayotuliza hasira inazidiwa na ile ya woga. Ubongo pia unapunguza amri zinazoendesha mayai ya uzazi, ndiyo maana hedhi inasimama.

Hakunipa vidonge mwanzoni. Alinipeleka kwa mshauri nasaha, na mshauri akanisaidia kumwambia mume wangu kiasi kamili cha deni. Tuliuza pikipiki. Usingizi ulirudi kabla hata deni halijaisha, na hedhi ikafuata.

Mkenya wa Narok

Mama Kitenge, hiyo hadithi yako inafanana na utafiti uliofanywa huku kwetu. Kuna mwanasayansi Mmarekani, Robert Sapolsky, aliyeanza mwishoni mwa miaka ya 1970 kufuatilia nyani wa Maasai Mara. Alikuwa anawapiga sindano ya usingizi kwa bomba la kupuliza, anachukua damu, anapima homoni. Dume wa chini, anayenyang'anywa chakula na kupigwa bila kosa, alikutwa na homoni za msongo juu hata siku ambayo hakuna ugomvi.

Lakini la maana zaidi lilitokea miaka ya 1980. Madume wakali wa kundi moja walikuwa wakienda kupigania mabaki ya chakula kwenye jalala la hoteli ya watalii. Nyama yenye kifua kikuu ikatupwa pale, wakafa. Waliobaki ni majike na madume wapole, na kundi likatulia. Hata madume wageni waliohamia miaka iliyofuata walijifunza upole huo, na wale wa chini hawakuwa tena na dalili zilezile za msongo. Mimi nafanya kazi kwa boma ambapo bosi anatusi watu kila asubuhi. Tangu nisikie habari hiyo, siwaambii tena wenzangu "vumilia tu". Matusi yanaingia kwa damu.

Pemba Yangu

Assalaam aleikum. Mzee wangu ana kisukari, anameza glibenklamidi. Ramadhani moja alikusudia kufunga bila kumuuliza daktari. Alasiri akaanza kutukana watu barazani, yeye ambaye hajapata kumtukana hata paka. Anatokwa jasho, anayumba, ulimi mzito. Vijana wakaanza kunong'ona kwamba mzee kanywa pombe mwezi mtukufu. Mdogo wangu alimpima kwa kile kimashine cha kidole: sukari ilikuwa imeshuka mno. Akampa maji ya sukari, baada ya robo saa akawa anauliza kwa nini watu wamejaa.

Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu zake, na tegemeo lake kubwa ni sukari ya kwenye damu. Ikikatika, hekima hutangulia kuondoka kabla ya fahamu. Sasa dawa na saa za kuzimeza anapangiwa kabla ya mwezi kuandama, na mwaka jana daktari alimkataza kufunga, naye mzee akatoa fidia ya kulisha maskini.

Nesi wa Zamu

Pemba Yangu, mlifanya vizuri. Ila akiwa hawezi kumeza msimtie kitu mdomoni, atapaliwa. Kimbieni naye akawekewe sukari kwa mshipa. Na kwa dawa hiyo hasa, hata akizinduka apelekwe, maana inakaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena usiku.

Ng'wana Shinyanga

Nyanya yangu alianza ghafla, ndani ya siku mbili, kuzungumza na marehemu babu na kuwafukuza wajukuu akisema ni wezi. Mchana ana nafuu, usiku anachafuka. Huku Usukumani mnajua mwanamke mzee akianza hivyo, na macho yake mekundu kwa moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe, maneno yanayofuata ni yapi. Tumezika vikongwe wengi waliokatwa mapanga kwa maneno hayo. Kaka yangu alikaa mlangoni kwake kila usiku.

Hospitali walikuta maambukizi kwenye mkojo na upungufu wa maji. Basi. Dripu na antibayotiki, akarudi kuwa nyanya anayesimulia na kukumbuka jina la kila mjukuu. Daktari alisema mzee anayesahau taratibu kwa miaka ni jambo jingine, lakini aliyechanganyikiwa kwa siku mbili tatu atafutiwe ugonjwa mwilini: mkojo, mapafu, malaria, dawa mpya aliyoanza. Mwenye bibi kijijini tafadhali asome hapa mara mbili.

Jina Kapuni

Kwa ufupi. Niko kwenye dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Zile za zamani zenye efavirenzi zilinipa ndoto za kutisha na kizunguzungu, nikawa naogopa kulala, mchana nina hasira. Nilikaribia kuziacha. Nilipomwambia mshauri wa kliniki akanieleza ni dawa, siyo mimi. Kuanzia 2019 wengi wetu tulihamishiwa zenye dolutegraviri na ndoto zikaisha. Usiache dawa, sema.

Mama Tanga

Mwanangu alipata degedege akiwa na miaka mitatu. Wazee wa kwetu wanasema ni shetani anayekuja kwa sura ya ndege, na sindano inaua. Mume wangu alikuwa dereva wa bodaboda, hakusubiri ubishi. Ilikuwa malaria ya kichwani: vimelea vinafanya chembe za damu zinate kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo. Sindano za atesuneti zilimwokoa. Ila alivyorudi hakuwa yuleyule, hasira nyingi, shuleni hatulii. Kuna watafiti wa Kilifi wamefuatilia watoto kama hawa na kuona baadhi hubaki na kifafa, ugumu wa kujifunza au mabadiliko ya tabia. Nilimpelekea mwalimu karatasi ya hospitali. Amemhamishia dawati la mbele na hamchapi tena.

Kijana wa Lori

Nimewasoma wote, nina swali. Baba ana miaka 71. Wiki kadhaa zilizopita aliteleza bafuni akagonga kichwa, hakuzimia, akaendelea na shughuli. Sasa analala sana, anakosea njia ya msikitini, jana kamrushia mama kikombe, na anasema kichwa kinauma asubuhi. Ndugu wanasema ni uzee.

Nesi wa Zamu

Mpeleke leo, usisubiri Jumatatu. Kwa wazee, kishindo kidogo kinaweza kupasua mshipa mdogo na damu ikajikusanya polepole kati ya fuvu na ubongo, dalili zikaja wiki kadhaa baadaye. Ukifika usiseme "amebadilika tabia" peke yake. Anza na kuanguka: lini, aligonga wapi, na tangu lini amebadilika. Omba wafikirie picha ya CT. Beba dawa zake zote. Anatumia aspirini au dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda?

Kijana wa Lori

Aspirini kila siku, kwa ajili ya moyo. Tupo njiani.

Kijana wa Lori

Picha imetoka. Ni damu, upande wa kushoto. Wanasema watatoboa tundu dogo kuitoa, kesho asubuhi. Wanataka damu ya akiba, kundi O. Tuko hospitali ya rufaa Morogoro mjini, aliye karibu anitumie ujumbe.

Mwana wa Makambako

Nina O, na niko Moro kikazi wiki hii. Nimekutumia ujumbe, niambie wodi.