Nimeuziwa geji mpya ya mafuta kumbe nozeli ndiyo imeziba! Mafundi wa ndege mtatuua

Wakuu, leo simung'unyi maneno.

Mimi na wenzangu wawili tuna Cessna 206 kuukuu, ya miaka ya 1970, injini Continental IO-520, inalala pale Uwanja wa Julius Nyerere. Wiki tatu zilizopita natoka Mafia, geji ya mtiririko wa mafuta ikawa inasoma galoni 18 kwa saa. Siku zote kwa mizunguko ileile ya injini ni 15. Nikabana mafuta mpaka sindano ikarudi 15, nikajiona rubani. Kumbe najichimbia kaburi.

Nikawapelekea mafundi. Jamaa hakufungua hata kava la injini. Kagonga kioo kwa kucha mara mbili, kasema, "Hii imekufa, bosi." Milioni 2 na ushee hiyo. Mpya ikafungwa, nikaruka: 18 ileile! Nimerudi, naambiwa, "Basi itakuwa waya."

Waya gani jamani? Sindano ya geji hii haiendeshwi na waya. Kuna kibomba chembamba kinatoka kwenye kigawio cha mafuta juu ya injini. Yenyewe inapima presha tu, ila usoni imechorwa galoni. Nozeli, kile kitundu kinachopulizia silinda mafuta, ikiziba, mafuta yanakosa pa kupita, presha inapanda, na geji inapanda nayo. Kwa hiyo inasoma juu wakati silinda moja inakufa njaa, na mimi juu ya bahari nimezidi kuibania! Kipima joto cha silinda tunacho kimoja, tena kiko silinda nyingine kabisa, kingeniambia nini?

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mstaafu. Nimempa shikamoo, nimemweleza, wala hakuitazama geji. Kaomba chupa 6 tupu za maji. Nozeli zikafunguliwa, kila moja ikaingizwa kwenye chupa yake, mtungi wa kuzimia moto pembeni, pampu ya umeme ikawashwa sekunde chache. Chupa 5 zikalingana. Ya sita haikufika nusu. Na hiyo nozeli ilikuwa na doa la bluu shingoni, rangi ya avgas, mafuta yetu ya ndege, yaani ungefungua kava tu ungeliona! Ikalowekwa kwenye asetoni, ikapulizwa kwa hewa. Mimi nilishashika kijiwaya nichokonoe, mzee akanikemea kama mtoto. Tumeruka, 15 imerudi. Kataka hela ya soda tu.

Sasa nadai hela yangu, naambiwa geji ikishafungwa hairudishwi. Sawa, basi nipeni ile ya zamani, si ilikuwa nzima? Eti ilitupwa.

Mdau yeyote atakayeletewa geji ya 206 "iliyotumika kidogo" mwezi huu anitumie ujumbe. Ina mkwaruzo kwenye kioo, juu kidogo ya namba 15.