Sencha inatoka chungu, nakosea wapi?

Mdau wa Njiro: Wakuu, nina chai mbili za kijani za Japani, sencha ya Shizuoka na gyokuro ya Yame. Nazimiminia maji ya moto ya chupa, dakika tano. Chungu, ulimi unakauka! Majani mabovu?

Chai Kavu: Majani hayana kosa mkuu, ni maji. Hapa Arusha huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, bado makali mno. Sencha inataka 70–80: gramu 5, maji mililita 200, dakika moja, kisha mimina hadi tone la mwisho. Yakibaki birikani yanazidi kukamua uchungu. Huna kipimajoto? Hamisha maji kikombe hadi kikombe. Kila mara yanapungua kama nyuzi 10.

Mama Birika, Moshi: Gyokuro ni habari nyingine. Michai hufunikwa kivuli siku 20 hivi kabla ya kuchumwa, ndipo inapata ule utamu mzito kama mchuzi. Nyuzi 50–60, dakika mbili. Tangawizi na sukari weka mbali, tafadhali.

Chai Kavu: Angalia pia kama sencha yako ni fukamushi, iliyopigwa mvuke muda mrefu. Majani yake yamevunjika kama vumbi, sekunde 40 zinatosha. Ukitaka ya maji yanayochemka, chukua hojicha. Imekaangwa, haina ugomvi.