Dume la spaida anayumba kichwa: tumzalishe au tumwache?

MdauTabata:
Wakuu, habari za jioni. Kituo chetu kina kibali cha kufuga nyoka na tunataka kuongeza chatu wadogo wa Afrika Magharibi, Python regius, wale wanaojiviringa wakitishwa. Muuzaji wa nje anatupa dume la rangi ya spaida kwa bei ya chini kuliko wa rangi ya klauni. Kwenye video kichwa kinayumba kidogo, ila panya anamkamata. Anadai tukimpandisha jike la kawaida, watoto watatoka wazima. Kuna ukweli?

DaktariWaMifugo:
Mkuu, hakuna. Nakala moja tu ya jeni ya spaida inatosha kuleta rangi, na hiyohiyo ndiyo inayoleta kuyumba. Jike wa kawaida hasafishi chochote: kila yai lina nusu kwa nusu ya kutoa spaida, na kila spaida anabeba kasoro, hata kama hujaiona bado. Ukoo wote unatokana na nyoka mmoja wa porini aliyeingizwa Marekani mwaka 1999. Tangu hapo wamechanganywa na damu za kila namna, na rangi haijaachana na ugonjwa.

Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha tatizo liko kwenye sikio la ndani. Mifereji inayopima mzunguko wa kichwa imepanuka kupita kiasi, na kifuko kimojawapo cha kupimia mizani ya mwili kimedumaa. Ni umbo la kuzaliwa nalo, kwa hiyo vitamini na dawa haziligusi. Kuchagua mzazi anayeyumba kidogo nako hakusaidii: dume mtulivu anaweza kuzaa mtoto anayejizungusha kama bisibisi na kulenga panya pembeni. Spaida kwa spaida ndiyo kabisa usijaribu. Hakuna mwenye nakala mbili anayejulikana kuishi.

Mzee_wa_Chatu:
Daktari, mbona mnakuza? Spaida wengi wanakula, wananenepa, wanapanda, wanataga. Kuyumba siyo kuumwa.

DaktariWaMifugo:
Kula hakupimi sana, mzee wangu. Nyoka mwenye njaa atakula hata akiwa na kasoro kubwa. Mlaze chali mezani kwa upole: mzima anageuka mara moja, kichwa kikitangulia. Asiyejua juu ni wapi atahangaika, au atabaki hivyohivyo. Usimrudierudie, maana msongo unamzidishia. Na mwenye kuyumba kidogo alizaliwa kwa bahati, wakati mfugaji aliyempandisha alikuwa anacheza kamari na miili ya wenzake wa tumbo lile. Hapo ndipo mimi napokataa, kwa sababu rangi nzuri zisizo na kasoro hii zipo: klauni, albino, pasteli. Shampeni na woma waacheni pia, nao wanayumba.

Kigamboni_Reptilia:
Naongeza la joto, maana Dar linauma. Upande wa moto uwe nyuzi 31 hadi 33, wa baridi 25 hadi 27. Kuanzia Januari hadi Machi chumba chenyewe kinafika 31, na umeme ukikatika upande wa baridi unapotea. Spaida akipata joto kali anayumba zaidi. Joto likizidi sana hata nyoka wa kawaida anaweza kudhurika ubongo. Kwa hiyo ukiona kuyumba kwa asiye spaida, angalia kwanza kipimajoto na dawa ya kupe au utitiri iliyopulizwa chumbani, halafu maambukizi. Usirukie kulaumu jeni.

MdauTabata:
Nimeelewa, tutachukua klauni. Ila kuna mwenzetu tayari ana spaida jike. Afanyeje?

Kigamboni_Reptilia:
Amtunze, asimpandishe. Boksi la chini lisilo na matawi ya kupanda, maficho mawili ya kumbana, panya aliyekufa kwa koleo ndefu karibu na mdomo, asishikwe bila sababu. Wageni wakitaka kushika nyoka, wapewe mwingine. Na kwa huyo klauni, kamilisheni karatasi za TAWA (mamlaka ya wanyamapori Tanzania) na za CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini) kabla ya kutuma hela. Spishi hii iko Kiambatisho cha II cha CITES, yaani biashara yake inadhibitiwa kwa vibali, na muuzaji akikwepa karatasi, achaneni naye.