Kilo zimegoma kushuka, nibadilishe mazoezi gani?

Nyota ya Alfajiri
Habarini wana jukwaa. Naombeni ushauri, nimefika mahali sijui nishike lipi. Nilikuwa na kilo 88. Nikaanza kukimbia kila asubuhi, nikapunguza kula, kilo zikashuka vizuri kabisa mpaka 69. Hapo zikaganda. Wiki zinapita, mzani ni uleule. Njia ninayokimbia ni ileile, jasho linatoka kama mwanzo, lakini wapi!

Nafikiria kubadilisha ratiba. Niongeze kukimbia jioni nako, au niingie kwenye yale mazoezi ya kasi ya kupishana, sekunde 30 nguvu zote halafu unapoa kidogo, unarudia? Waliopitia hili nisaidieni. Usiku silali kwa kuwaza.

Chuma Kizito
Nyanyua vyuma, bibie. Mwili wa kilo 69 ukipita njia ileile unatumia nishati pungufu kama kwa moja ya tano kuliko ulipokuwa na 88, kwa sababu mzigo wenyewe umepungua. Juu ya hapo umeshauzoea mwendo huo, hauhangaiki tena. Kwa hiyo tizi ileile haikupi kilekile.

Mimi nilikimbia miaka, nikawa mwembamba sina hata kifua. Siku rafiki aliponivuta jimu nikaona aibu, wazee walikuwa wananyanyua kunizidi. Sasa hivi skwati, pushapu, kuvuta na kunyanyua kutoka chini, siku tatu kwa wiki. Kila ukiona uzito umekuwa mwepesi, ongeza kidogo. Huo ndio mpango, mengine hadithi.

Shangazi wa Wote
Mwanangu, kwani kilo 69 zina kosa gani? Umeshatoa zaidi ya moja ya tano ya uzito wako. Madaktari hufurahi mtu akipunguza hata asilimia 5 hadi 10, maana presha na sukari huanza kutulia hapo. Nyinyi vijana mnajitazama kwenye simu za watu mpaka mnajichukia. Hujatuambia unataka kufika wapi na nani kakuambia ufike huko.

Kifaru Mpole
Jaribu mzani wa jirani, huenda wako ndio umegoma 😂

Ila nami nina swali: nikikimbia goti la kushoto linalia kwa ndani. Kuna mwenye dawa?

Muuguzi wa Zamu
Kifaru, fungua uzi wako.

Nyota, kabla hatujakuongezea zoezi lolote: unakula kiasi gani kwa siku?

Nyota ya Alfajiri
Nakula kawaida, sukari nimeacha. Naomba tubaki kwenye mazoezi, chakula nimeshakimudu. Shangazi, nataka kufika 60, ni lengo langu mwenyewe.

Muuguzi wa Zamu
Kila mtu ana kawaida yake. Taja milo. Na uniwie radhi kukuuliza mbele ya watu: siku zako zinakuja kwa wakati?

Chuma Kizito
Muuguzi, unampeleka mbali. Dada kauliza mazoezi.

Nyota ya Alfajiri
Sawa, niseme. Nakula mlo mmoja, saa kumi jioni. Nikihesabu ni kalori kama 800. Siku zangu hazijaja miezi minne sasa. Nilipima ujauzito, hamna. Nasikia baridi sana, na nywele zinatoka nikichana. Sikuandika kwa sababu sikuona vinahusiana na mzani kuganda. Nimesoma kwamba wanariadha wengi wa kike hukosa siku zao, nikajua ndiyo mwili unafanya kazi.

Halafu niwe wazi tu: programu ya mkufunzi nimeshailipia. Inaanza Jumatatu, asubuhi na jioni. Nilitaka tu kusikia kwa waliowahi kufanya mara mbili kwa siku. Mkiniambia niache, nitakuwa nimepoteza pesa na kila nilichopigania.

Mzee wa Hesabu
Chai hii. Wekeni vikombe chini tuhesabu.

Mwanamke wa kilo 69 anayekimbia kila siku hatumii chini ya kalori 2,000. Akila 800, upungufu ni 1,200 kwa siku, yaani 8,400 kwa wiki. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kama kalori 7,700. Alitakiwa ashuke kilo nzima kila wiki! Anasema haijashuka kitu. Nishati haitoki hewani. Kwa hiyo ama anatuficha chakula, ama uzi wote umetungwa. Mimi naona umetungwa. Kesho atajitokeza mwenzake aseme "nami nilikwama hivyo hivyo nikatumia vidonge fulani, njoo faragha nikuelekeze." Tumeziona nyuzi za namna hii.

Kifaru Mpole
Akaunti yenyewe mpya. Kajiunga mwezi huu.

Chuma Kizito
Doh. Na mimi nimeandika aya mbili nzima.

Ndege Mwoga
Mtu akitaka kuuliza habari za hedhi yake, afungue kwa akaunti gani, ile ambayo shemeji zake wanaijua? Nimewahi kukatika siku zangu kwa kujibana chakula. Nilimficha hata mama. Angenipigia hesabu mtu siku nilipothubutu kusema, nisingesema tena.

Muuguzi wa Zamu
Mzee, kuzidisha umezidisha sawa, lakini namba ulizoanza nazo ni za kukisia zote mbili.

Kwanza chakula. Mwaka 1992 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watu waliosema wanakula chini ya kalori 1,200 na hawapungui. Walipopimwa, ulaji wao halisi ulikuwa karibu mara mbili ya waliousema, na mazoezi waliyakuza vilevile. Nao walishangaa, hawakuwa na nia ya kumdanganya mtu. Kwa hiyo 800 ya Nyota inaweza kuwa zaidi, bila yeye kuwa mwongo.

Pili matumizi. Marekani mwaka 1944 hadi 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, kwa miezi sita. Walikuwa bado wanapata kalori karibu 1,600. Miili yao ilipunguza moto: mapigo ya moyo yakashuka, wakawa wanasikia baridi hata wakati wa joto, wakaacha kujisogeza ovyo. Na miguu ikavimba maji. Maji hayo yana uzito. Mafuta yanaweza kuwa yanaondoka huku mzani umesimama, na mazoezi makali nayo huifanya misuli ishike maji.

Awe mkweli au mtunzi, kuna mwingine anasoma hapa na siku zake zimekata. Nawe unayesoma: miezi mitatu bila hedhi na huna mimba, nenda ukapimwe. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililipa jina tatizo hili mwaka 2014 kwa sababu linawaumiza hao hao wanariadha. Mwili ukikosa nishati huzima kwanza uzazi, homoni ya estrojeni inashuka, mifupa inapoteza madini. Ukiendelea kukimbia juu ya mifupa hiyo, inapata nyufa. Na mlo ulio chini ya kalori 800 hutolewa kwa uangalizi wa daktari.

Mzee wa Hesabu
Habari ya maji sikuiweka kwenye hesabu, nakubali. Lakini vidonge vikitajwa humu nitarudi.

Nyota ya Alfajiri
Sina vidonge. Nimesoma haya nikiwa nalia. Miguu inavimba jioni, sikuwa nimeitaja.

Lakini jamani, kuacha kabisa siwezi. Mnajua ilivyokuwa kupanda ngazi na kilo 88? Labda nifanye programu ya asubuhi tu, jioni niache. Na chakula niongeze kidogo.

Shangazi wa Wote
Mwanangu, mwambie mkufunzi kwamba siku zako zimekata. Akisema endelea tu, huyo si mkufunzi. Hela hutafutwa tena.

Chuma Kizito
Naomba nirekebishe ushauri wangu. Usianze mara mbili kwa siku. Mpaka daktari akuone, kutembea kunatosha. Akikuruhusu, vyuma siku mbili kwa wiki, uzito wa wastani, unakula kabla na baada. Kasi ya kupishana iache kwanza, hiyo inataka mwili ulioshiba na uliolala.

Nyota ya Alfajiri
Swali moja nijibiwe kweli. Nikiongeza chakula na mzani ukapanda, nitajuaje kama narudi 88?

Muuguzi wa Zamu
Utapanda, jiandae. Misuli na ini huhifadhi wanga, na kila gramu ya wanga hushika kama gramu tatu za maji. Kilo moja au mbili kwa siku chache za mwanzo ni maji na akiba hiyo. Kilo ya mafuta ingehitaji kalori 7,700 za ziada, na huwezi kuzila kwa bahati mbaya kati ya leo na kesho. Pima kiuno kwa utepe, mzani uutazame mara moja kwa wiki au umpe mtu akufichie. Hospitali waambie mambo manne: hedhi, baridi, nywele, miguu kuvimba. Waambie na kiasi unachokula, bila kukipamba. Watataka kupima damu, tezi ya thairoidi na homoni, na watarudia kipimo cha ujauzito. Mguu mmoja ukivimba peke yake na kuuma, au ukishindwa kupumua, usingoje zamu yako.

Nyota ya Alfajiri
Nimeandika yote kwenye karatasi. Jumatatu ile ile ya programu naenda hospitali.